Elfu Arobaini na Tano

Siku ya kwanza kumwona, niliona miguu yake tu. Nilikuwa nimelala chali chini ya meza ya chakula katika nyumba ya meneja wa ghala, nakaza mguu wa meza uliolegea, na watoto waliokuwa wakisomea pale hawakuwa na habari ya kuhama. Walikuwa watano, magoti yamenizunguka kama uzio. Nyuma ya magoti hayo ilipita miguu ya mtu mzima, imevaa ndala za bluu, kamba ya ndala moja imeshonwa kwa uzi mweusi. Miguu ile haikutulia. Ilikwenda dirishani, ikageuka, ikarudi, ikasimama kidogo nyuma ya kila mtoto, ikaondoka tena.

Mvulana mmoja alikuwa anasoma kwa sauti. "Mafundi sita wanajenga ukuta kwa siku kumi. Mafundi wanne watajenga ukuta huo huo kwa siku ngapi?"

"Funga kitabu," mwanamke akasema. "Nisimulie."

"Kuna mafundi sita, wanajenga ukuta. Halafu wawili wakaondoka."

"Wamekwenda wapi?"

"Sijui, Shangazi. Labda wanaumwa."

"Haya, wanaumwa, tuwape pole. Waliobaki watamaliza baada ya siku ngapi?"

"Sita. Sita na kitu."

"Yaani wawili wakiugua, kazi inakwenda mbio zaidi?"

Goti moja likaanza kutikisika karibu na sikio langu.

"Basi tuwaombee wote sita waugue," akasema, "ukuta ujijenge wenyewe leo leo."

Watoto wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka, nikasahau nilipo, nikainua kichwa, nikagonga paji la uso kwenye ubao wa meza. Ndala za bluu zikasimama. Kisha uso ukainama ukanitazama, kichwa chini miguu juu, maana ndivyo nilivyouona mimi nilivyolala.

"Kumbe tuna fundi wa kweli humu ndani! Fundi, tusaidie. Sita wanatumia siku kumi. Wanne je?"

Mimi si mtu wa kusema mbele za watu. Lakini nilikuwa chini ya meza, na chini ya meza mtu hujiona kama hayupo. "Kumi na tano," nikasema.

"Umepataje?"

"Kazi yote ni siku sitini za mtu mmoja. Ukigawa kwa wanne..."

"Mmesikia nyie? Siku sitini za mtu mmoja. Na fundi umesoma mpaka wapi?"

"Nimeishia shule ya msingi."

"Basi kuna tumaini hata kwenu," akawaambia watoto, na ndala zikaendelea na safari yake ya dirishani.

Mtaa mzima ulimwita Shangazi. Alikuwa shangazi wa watoto wanne wa ile nyumba, kwa kuwa ni dada mdogo wa meneja, lakini watoto wa majirani waliokuja kusoma nao walimwita hivyo, mama zao wakamwita hivyo, hata muuza mkaa mwenye mvi. Na mimi nikamwita hivyo hivyo, ingawa nilikuwa nimemzidi umri kwa miaka kama saba. Siku ya tatu au ya nne akaniuliza, "Samahani fundi, mimi ni shangazi yako kwa upande wa baba gani?" Nikashikwa na aibu mpaka nikaacha kumwita chochote. Nikawa naanza maneno yangu kwa "samahani" na kukohoa. Kwa miaka sita aliniita fundi na mimi nilimwita kikohozi.

Karakana yangu iko ng'ambo ya barabara, inatazamana na geti lao. Kutoka kwenye benchi langu la kupigia randa naliona baraza lote, na kila saa tisa alasiri, watoto wakitoka shule, niliona lile baraza likijaa. Walikuja na maswali yaliyowashinda. Matreni yanayopishana. Umri wa baba ambao ni mara tatu ya umri wa mwana. Tangi lenye bomba moja la kujaza na jingine la kumwaga. Hilo la tangi nilikuwapo, natengeneza dirisha, wakati binti mdogo wa mwisho, wanayemwita Kitinda, alipouliza, "Shangazi, kwa nini wasifunge kwanza hilo bomba la chini?"

"Aliyetunga swali hakufikiria hilo, mama."

"Basi ni mjinga."

"Ni mjinga, lakini ndiye anayesahihisha. Funga kitabu, nisimulie."

Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake. Mtoto alisoma swali mara moja au mbili, akafunga kitabu, akalisimulia kama jambo lililotokea mtaani. Hakuruhusiwa kushika kalamu mpaka Shangazi aridhike kwamba swali limekuwa lake. Wengine walikaa nusu saa bila kuandika tarakimu hata moja, wanabishana tu kuhusu mtu anayetembea kwenda sokoni na mwenzake anayemfuata kwa baiskeli, amechelewa kwa nini, kwani alikuwa analala? Kisha wakashika kalamu na swali likaisha kwa mistari mitatu. Mimi huku nikipiga randa nilikuwa nayafanya kichwani. Mengine niliyapata.

Alinieleza habari zake siku nilipokwenda kufunga ubao mweusi ukutani. Yeye ndiye aliyeushikilia nikipima.

"Fundi, unajua mimi hapa nilikuja likizo?"

"Likizo ya wapi?"

"Ya kazini. Nilikuwa mwalimu, mji mwingine huko. Wifi yangu alikuwa anakaribia kumzaa huyu Kitinda. Kaka akasema njoo wiki tatu umsaidie mwenzako. Nikaja na begi moja."

"Na hizo wiki tatu ziliisha lini?"

Akacheka mpaka ubao ukapinda. "Hilo swali halimo kwenye kitabu chochote."

Wifi yake aliugua baada ya kujifungua. Wiki tatu zikawa miezi. Katika miezi hiyo mtoto wa kwanza, aliyekuwa mkiani darasani, akapanda mpaka wa tatu, na meneja akaona kwa macho yake mwenyewe kazi ya mdogo wake. Akaandika barua shule aliyofundisha mdogo wake, kuomba aongezewe ruhusa. Akaandika nyingine. Ya tatu haikujibiwa. Nafasi alikuwa amepewa mtu mwingine. Kaka akasema usijali, mdogo wangu, huyu mkubwa akishafaulu tu tutakutafutia shule nzuri zaidi. Mkubwa akafaulu. Kisha ikawa huyu wa pili akishafaulu tu. Kisha binti wa tatu. Lile "tu" la meneja lilikuwa refu kuliko barabara.

"Si ungeondoka?" nikamuuliza. Nilithubutu kwa sababu nilikuwa nimempa mgongo, nimebana skrubu kwenye midomo.

"Wazazi walipokufa nilikuwa na miaka minane. Kaka alikuwa na kumi na tisa. Aliacha shule akawa mbeba magunia kwenye ghala hilo hilo analosimamia leo, ili mimi nisome. Hajawahi kunisimanga hata siku moja. Hajawahi hata kulitaja. Angekuwa mtu mbaya, fundi, ningeshaondoka zamani. Shusha kidogo upande wako, umepinda."

Nikashusha.

Baada ya hapo nilianza kuona nisichokiona mwanzo. Kwamba alitoka nje ya geti lile kwenda dukani na sokoni tu, na kila mara na mtoto mmoja mkononi. Kwamba alilala chumba kimoja na Kitinda, kitanda chake kikiwa nyuma ya mlango, kiasi kwamba mlango haukufunguka wote. Nilipoitwa niupunguze, nilikuta chini ya kitanda lile begi moja alilokuja nalo, limejaa madaftari ya zamani ya watoto. Kwamba meneja alipopata wageni alimwita barazani amsifu mbele yao, "Huyu ndiye injini ya nyumba hii," na yeye akasimama mlangoni na sinia, akitabasamu kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

Kitinda alipoingia darasa la mwisho, alikuja mama mmoja mwenye miwani, mwalimu mkuu wa shule mpya ya upande wa pili wa mji. Mtoto wa dada yake alikuwa amekaa barazani pale likizo moja na kurudi akiwa mtu mwingine. Mimi nilikuwa juu ya ngazi nikibadilisha mbao za ukingo wa bati.

"Nina watoto arobaini na wawili wa darasa la sita," yule mama akasema, "na mwalimu anayewafanya walie. Nakutaka wewe. Cheti chako unacho?"

"Ninacho."

"Basi nakushikia nafasi mpaka mwisho wa mwaka. Zaidi ya hapo siwezi, wenye shule watanila nyama."

Meneja alifurahi, na hakuwa anaigiza. Alimshika mgeni mkono kwa mikono miwili. "Mdogo wangu, nani amekukatalia? Kitinda akishafaulu tu, nitakusindikiza mimi mwenyewe."

Nilimwona Shangazi akigeuka kumtazama Kitinda. Na Kitinda, miaka kumi na mmoja, penseli mdomoni, akawa anamtazama baba yake. Alikuwa anafanya hesabu, na haikuwa ya kwenye daftari.

Tangu mwezi ule Kitinda akaanza kushindwa. Mtoto aliyeuliza kwa nini wasifunge bomba akawa hajui saba mara nane. Lakini lililotesa nyumba nzima lilikuwa swali moja dogo, la alama za bure, ambalo kila mtihani wa majaribio ulikuwa nalo: andika kwa tarakimu, elfu arobaini na tano.

Nilisikia likifundishwa mpaka nikaliota. "Sikiliza, mama," Shangazi alikuwa akisema mbele ya ubao niliomfungia. "Sokoni mtu akikwambia elfu arobaini na tano, mwelewe, usigombane naye. Anataka kusema arobaini na tano elfu. Lakini kwenye karatasi unasoma kama ilivyoandikwa. Elfu arobaini zimetangulia, zimekaa. Halafu nyuma wanakuja hao watano, peke yao, hawana elfu yoyote. Andika."

Kitinda akaandika 45,000.

"Futa. Elfu arobaini."

40,000.

"Haya, na tano."

Akafuta, akaandika 45,000, akamtazama shangazi yake kwa macho makavu kabisa.

Ukweli niliupata kwa sababu ya redio. Alasiri moja Kitinda alipita karakana kabla ya kuvuka nyumbani, kama alivyozoea, kuchezea maranda ya mbao. Redio ilikuwa inatangaza mpira. Mtangazaji akasema uwanja umejaa, wameingia watazamaji elfu arobaini na tano.

"Elfu arobaini, halafu wengine watano!" Kitinda akasema, akicheka peke yake. "Hao watano walichelewa basi. Shangazi angemfungisha huyu kitabu."

Randa ikasimama mkononi mwangu. Na yeye akasimama. Tukatazamana juu ya ubao.

"Fundi," akasema, "wewe si rafiki yangu?"

"Ni rafiki yako."

"Basi hukusikia."

"Sikusikia nini?"

"Eeh. Hivyo hivyo." Akakusanya mkoba wake. Alipofika mlangoni akarudi hatua moja, na sauti yake ikawa ndogo. "Nikifaulu ataondoka. Baba amesema."

Sikumwambia mtu. Ningependa kuandika kwamba nilinyamaza kwa kumhurumia mtoto, na huruma ilikuwapo. Lakini kutoka kwenye benchi langu naliona baraza lote. Miaka sita nilikuwa nimepanga kazi zangu ili saa tisa alasiri niwe nimesimama upande huu wa benchi na si ule. Kila 45,000 aliyoandika Kitinda ilikuwa inanifaa na mimi. Nilikuwa nimejiunga na wale wanaomshikilia, na mimi hata sikuwa nimemlea wala kumsomesha.

Matokeo ya majaribio ya mwisho yalipotoka, nilikuwa ndani mwao nafunga bawaba za kabati. Meneja alisoma karatasi amesimama, akavua miwani, akaikunja. Hakufoka. Ingekuwa heri afoke.

"Kama mtihani wenyewe utakuwa hivi," akasema, "atarudia darasa. Mwaka mmoja si kitu. Bahati nzuri shangazi yake yupo."

Mke wake akasema, "Ndiyo, wifi yupo."

Shangazi akasema, "Ndiyo, kaka." Alisema kwa namna ya mtu aliyeitwa jina lake kwenye orodha. Mimi nikapiga skrubu mahali pasipokuwa na tundu.

Ilinichukua siku tatu kupata ujasiri, na hata hivyo sikuupata wa mdomo. Nilichukua ubao wa rafu walioniagiza, nikaugeuza, na upande wa chini nikaandika kwa penseli ya useremala: Kitinda anajua. Anakosea makusudi. Nikavuka barabara nao. Alikuwa barazani peke yake, anapanga viti kabla watoto hawajafika. Nikampa ubao upande wa maandishi.

Akasoma. Akasoma tena. "Fundi, una msasa?"

Nilikuwa nao mfukoni. Akakaa kwenye kiti cha mtoto, akausugua ule ubao taratibu mpaka maneno yote yakawa unga wa kijivu kwenye goti lake.

"Najua," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ya kwanza. Asiyejua hukosea kila namna, leo hivi, kesho vile. Huyu anakosea kosa moja tu, safi, limenyooka kama limepigwa rula. Kukosea hivyo inabidi uwe unajua vizuri sana." Akapuliza unga. "Na wewe umejua lini?"

"Mwezi na zaidi."

"Na hukusema."

"Samahani," nikasema, na safari hii hakikufuata kikohozi.

Nilidhani atanikasirikia. Badala yake akawa anatazama viti vile vidogo tisa alivyovipanga. "Hata mimi sikusema. Unajua kwa nini? Watoto arobaini na wawili, fundi. Miaka kumi na mmoja sijasimama mbele ya zaidi ya hawa. Nimesahau hata sauti yangu ya darasani ilivyokuwa. Kila Kitinda akiandika ile elfu arobaini na tano yake, nakasirika. Halafu napumua. Kwanza nakasirika, halafu napumua." Akajicheka kidogo. "Nimekuwa namlaumu kaka, kumbe tupo wengi tumeukalia huu mlango."

Nikaushika ubao.

"Haya," akasema ghafla, kwa sauti ile ya kutembea nyuma ya viti. "Funga kitabu. Nisimulie."

"Mimi?"

"Kwani yuko nani mwingine?"

"Kuna mtoto," nikaanza. "Anakosea hesabu, ili shangazi yake asiondoke."

"Akifeli?"

"Shangazi anabaki. Na mtoto anarudia darasa."

"Akifaulu?"

"Shangazi anaondoka."

"Kwa hiyo anafeli. Ni mtoto mwenye akili, angefanya nini kingine? Sasa, na shangazi akiwa ameshaondoka kabla ya mtihani?"

Nililirudia kichwani kama yule mvulana wa mafundi sita. Kisha nikaliona. "Hana sababu ya kufeli."

"Wote tumekuwa tunaanza na mtihani," akasema. "Swali linaanzia kwangu." Akaniomba msasa tena, akasugua mahali ambapo palikuwa pameshakuwa safi.

Mtihani ulikuwa Jumatano. Jumatatu asubuhi, watoto walipokwishakwenda shule, alimwambia kaka yake. Mimi nilikuwa nimesimama na msumeno mkononi bila kukata kitu. Nilitegemea kelele, na nyumba ile ikawa kimya kama watu wanasali. Baada ya muda meneja akatoka. Akalifungua geti, bawa hili na bawa lile, wazi kabisa, kama linavyofunguliwa kwa ajili ya gari. Akasimama pale katikati akiangalia barabara. Nilidhani anamsubiri amsindikize, kama alivyoahidi mbele ya mwalimu mkuu. Kisha akageuka, akaingia ndani, akaliacha geti wazi. Alikuwa mzee ghafla, na nilimwonea huruma. Mimi pia nilitaka dada yake abaki.

Shangazi akatoka na begi lile moja. Wifi yake alimfuata mpaka kwenye ngazi za baraza, akampa kanga iliyokunjwa, akaficha uso. Nikavuka na mkokoteni wangu wa mbao. Hakukataa. Tukaenda hivyo mpaka kituoni, mimi nasukuma, yeye pembeni, mkono mmoja juu ya begi kana kwamba lingeruka. Alitembea vibaya. Alizoea kutembea hatua kumi na kugeuka, na mara mbili alipunguza mwendo bila sababu, akatazama nyuma, akaendelea.

Nilikuwa nimejiandaa kumwambia jambo langu. Nilikuwa nimelipanga usiku kucha kama maneno ya barua, na njia ile ina urefu wa kutosha hata kwa mtu mwenye kigugumizi. Nilisema kwamba jua ni kali. Akasema ni kweli.

Nitasema hapa kilichofuata, ili msomaji asikae roho juu. Kitinda alifaulu. Katika hesabu alikosa swali moja tu, na halikuwa lile. Meneja hakunisalimia kwa miezi mitano, kisha meza ya chakula ikalegea mguu mwingine, akaniita. Hakuna watoto waliokuwa wameizunguka. Shangazi anafundisha kule mpaka leo, nasikia wamempa na darasa la saba, na wazazi wanapigana vikumbo kuandikisha watoto kwake. Sijamwona tena. Mara mbili nimefika mpaka kwenye ukuta wa ile shule nikiwa nimevaa shati la kupigwa pasi. Mara ya kwanza nilisikia watoto wengi wakicheka kwa pamoja, nikajua ni darasa gani. Nikasimama mpaka kicheko kikaisha. Mlinzi akaniuliza nina shida na nani. Nikasema napita tu.

Pale kituoni gari lake lilikuwa tayari limewasha injini. Nikampandishia begi. Akaingia, akakaa dirishani, akafungua kioo.

"Nimemwambia Kitinda alfajiri, nikimfunga viatu," akasema. "Hajaniamini. Ameniambia, nenda tu Shangazi, nikifeli Baba atakuita na utarudi." Akamtazama dereva, akanirudia. "Na ni kweli, fundi. Kaka akiniita na mtoto amefeli, nitarudi. Najijua. Kwako ndiko atakakopita leo akitoka shule. Atakuuliza."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie hata akifeli sirudi."

"Lakini umesema..."

Gari likaanza kusogea. Nikatembea nalo, mkono kwenye bati. Alikuwa analia sasa, ila sauti yake ilikuwa ile ile, ya nyuma ya viti.

"Mwambie hivyo hivyo, umtazame machoni. Ukimwonea huruma, atafeli."